Mtoto Wangu wa Mwisho Alikuwa na Mkia

Wasichana wawili wa mtaa wetu hapa Temeke wamepata kazi ya uyaya mwezi huu, mmoja kwa Wazungu wa Msasani, mwingine kwa familia ya Kihindi mjini. Wote wawili wamekuja kunipigia hodi kuniuliza kazi yenyewe ikoje. Niliwajibu mpaka chai ikapoa, na walipoondoka nikaona sijawaambia kitu. Basi naandika. Mdomo wangu ukianza kusimulia haujui kituo, lakini mkono angalau unachoka. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye meza za watoto niliokuwa nikiwalea: wao wakifundishwa, mimi nimekaa pembeni nashona vifungo, macho yangu yako kwenye madaftari yao.

Jina langu ni Tatu binti Mfaume. Nilianza uyaya Mwingereza akiwa bado mgeni katika mji huu, nikaacha juzi juzi tu. Habari za mishahara sitaziandika. Mkizisoma mtanionea huruma, nami sipendi kuhurumiwa na watoto wadogo.

Siku ya kwanza nilipelekwa kazini na Bi Zaituni, mama mtu mzima aliyekuwa yaya wa nyumba moja kubwa kule Kurasini. Humo walikuwa wamezaliwa pacha, akahitaji wa kumsaidia. Nilivaa kanga mpya, nikajipaka mafuta, nikajiona bibi harusi. Kabla ya adhuhuri pacha wa kwanza alikuwa ameshanitapikia begani, na wa pili amekwisha kunilowesha mapajani. Bi Zaituni aliniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Kanga mpya ni ya harusini, mwanangu," akasema. "Huku vaa ile iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake."

Vyombo vya kazi alivyonikabidhi vilikuwa vichache: kigoda, beseni, kata ya kuchotea maji, na kopo kubwa la maziwa ya unga lililokwisha, la kuwekea pini na vitambaa. Wazungu walikuwa na vyao, poti ya bati iliyochorwa maua na nepi zilizojaa kabati zima. Sisi tulizitumia mbele ya macho yao. Nyuma ya jiko tulifanya ya kwetu. Unakaa kwenye kigoda, unaweka miguu pamoja, unamkalisha mtoto juu ya nyayo zako, unamshika kwapani, kisha unampigia mluzi mwembamba wa meno: sssss. Bi Zaituni aliniambia nisisubiri mtoto alie. Akiamka, mtoe. Akishiba, mtoe. Akimaliza kucheza, mtoe. Mtoto atakapousikia mluzi ule mahali popote, mwili wake utajua wenyewe la kufanya.

Pacha wale waliacha nepi mapema kuliko watoto wote wa Kurasini. Mama yao alijisifu sana mbele ya wenzake wakati wa chai, nasi tulikuwa tukimsikia kupitia dirishani. Hatukuona haja ya kumrekebisha.

Kuna neno moja aliniambia Bi Zaituni wakati ananiachia kazi, miguu yake ilipoanza kuvimba. Alisema, "Mtoto si wako, Tatu. Siku mama yake ataweza bila wewe, hiyo ndiyo siku umeijua kazi." Mimi nilikuwa kijana, nikadhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Nilikuwa nimekwisha kuwapenda wale pacha, na sikutaka mtu yeyote aweze bila mimi.

Nililea nyumba nyingi baada ya pale. Nililea kijana aliyekula wali mweupe peke yake, mpaka nikawa nauficha mchuzi chini ya wali kama mwizi. Nililea binti aliyekojoa kitandani kila baba yake aliporudi safari. Yule baba alikuwa na sauti kubwa na fimbo ndogo. Kwa binti yule nilijifunza jambo ambalo nanyi mlishike: mtoto anayepigwa kwa kukojoa haachi kukojoa, anaanza kujificha. Nilimtoa kwenye kujificha kwa miezi, kidogo kidogo, na baba yake akaamini kuwa ni fimbo iliyofanya kazi.

Nyumba yangu ya mwisho ilikuwa tena Kurasini, baada ya vita vya pili. Bwana alikuwa mtu wa serikali, mrefu, mpole kwa jumla, ila Kiswahili chake hakikutaka kukua. Bibi alikijua Kiswahili vizuri kwa sababu alikuwa akija kuongea nasi nyuma ya nyumba. Mpishi alikuwa Yohana, Mkristo, Mnyamwezi wa Tabora, na kwa hiyo mtani wangu. Asubuhi hazikupita bila yeye kuniuliza kama Wazaramo tumeshaanza kuoga, nami kumuuliza kama miguu yake imeshapoa tangu alipotembea na mizigo kutoka bara. Tuliheshimiana sana.

Watoto walikuwa watatu. Mmoja mmoja wakaenda shule Ulaya, na wa mwisho, Meri, akaondoka akiwa bado anataka nimfunge viatu. Nyumba ikanyamaza. Niliendelea kuja kila asubuhi, nikipanga nguo ambazo hakuna anayezivaa na kupangusa vumbi kwenye farasi wa mbao. Sikuwa mjinga. Yaya asiye na mtoto ni mdomo wa kulishwa bure, na mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na binti yangu Mwajuma alikuwa bado shuleni. Nilingoja tu kuambiwa.

Badala ya kuambiwa, Bibi aliingia siku moja amekumbatia kapu, na ndani ya kapu mna mtoto wa mbwa. Alikuwa wa aina ile ndogo ya Ulaya, mwili mrefu, miguu mifupi kana kwamba mtu alimaliza unga kabla ya kufika miguuni. Rangi yake ilikuwa ya kahawia, na Bibi alishampa jina la kitu kinacholiwa na chai. Sisi tukamwita Biskuti.

"Yaya," Bibi akasema, "umewalea watoto wangu wote. Nisaidie na huyu." Macho yake yalikuwa mekundu. Meri alikuwa hajamaliza hata mwezi tangu aondoke.

Bwana alikuwa amesimama nyuma yake. Akatoa kauli yake kwa Kiswahili chake. "Yaya, sikia. Mbwa jifunza kojoa nje, mbwa kaa, wewe kaa. Mbwa hapana jifunza mpaka Krismasi, basi. Mbwa kwenda, na kazi ya yaya hapana tena. Pole."

Alisema pole kwa moyo, hilo nampa. Lakini nilikuwa nimeelewa: riziki yangu imefungwa kwenye mkia.

Nilikwenda jikoni nikakaa. Yohana alikuwa anamenya viazi. "Hongera, Mzaramo," akasema. "Nasikia umejifungua."

"Nyamaza wewe."

"Kafanana na mama yake. Hasa miguu."

Nilicheka, na kisha nikaanza kulia, na Yohana akaacha viazi akanimiminia chai. Hapo ndipo nilipomwambia tatizo langu hasa. Mie ni Mwislamu wa pwani. Mate ya mbwa na mkojo wake kwetu ni najisi nzito. Nilikuwa nasali katika chumba kidogo cha kupigia pasi kilichopakana na chumba cha watoto, na ndani ya nyumba nilitembea miguu mitupu, viatu nimeviacha mlangoni kama tulivyofundishwa. Sasa nitalea mbwa vipi?

Jioni ile nikapita kwa mwalimu wa chuo cha mtaani kwetu, mzee mpole aliyemfundisha Mwajuma kusoma Kurani. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, Binti Mfaume. Kuna nini?" Nikamweleza. Nilitegemea ataniambia niache kazi, na nusu ya moyo wangu ilitaka aniambie hivyo, ili lawama isiwe yangu. Yeye akafikiri, akaniuliza kama mbwa ana njaa, kama anapigwa. Kisha akasema kumtunza kiumbe hakukatazwi. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu hakuna neno. Pakilowa, paoshwe mara saba, na moja ya hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Nikashukuru, nikaondoka. Sikuuliza udongo uje wa ngapi. Shikeni hapo, tutaparudia.

Kesho yake nikaanza kazi. Nilitenga kanga moja kuukuu ya mbwa, nikatenga ndoo na kata. Kumbeba nilimbeba kwa kapu lake la ukindu, asiniguse wala nisimguse. Njia nilifuata ile ile ya Bi Zaituni, maana sikuwa na nyingine. Akiamka, kapu, nje. Akishiba, kapu, nje. Akimaliza kuparurana na soksi ya Bwana, kapu, nje. Nilimweka daima mahali pamoja, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya jiko, penye udongo wetu wa Kurasini ambao nusu yake ni mchanga. Nikachuchumaa, nikapiga mluzi: sssss.

Alinitazama siku za mwanzo kana kwamba nimeugua. Kisha siku moja akazunguka, akanusa, akachuchumaa. Nikampa kipande cha ini alichonipa Yohana. Tangu hapo, pale chini ya mwarobaini, mluzi wangu haukukosea. Bibi alipiga makofi. Nilimwambia naye ajifunze mluzi ili siku za mapumziko yangu asihangaike. Akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Siwezi, Yaya. Majirani watanisikia."

"Watasikia nini, Bibi? Watafikiri ni nyoka, watakimbia."

Hakuweza. Alimsemesha mbwa kwa Kiingereza kizuri, na mbwa akamsikiliza kwa adabu zote asifanye chochote. Kila Ijumaa mchana nikiwa kwetu, Biskuti alikuwa akibana mpaka nirudi, au alikuwa habani.

Mbwa hawa wadogo, nyie mtakaokutana nao, wana matatizo yao. Kibofu ni kidogo, hakizidi kikombe cha kahawa, kwa hiyo kumtoa asubuhi na jioni hakutoshi. Tumbo linakaribia kugusa chini, kwa hiyo majani yakiwa na umande anainua mguu mmoja, anautikisa, anarudi ndani. Mvua ikinyesha hataki hata kuusogelea mlango. Na kwa kuwa ni mdogo, akipita chini ya kochi humwoni, na akikojoa huoni, mpaka upite na harufu ikuite. Kulala nilimlaza kwenye sanduku la chai lililokatwa upande mmoja, tukalitandikia gunia. Hapo hakuchafua hata siku moja.

Ndani ya nyumba ndiko kulikonishinda. Nje alikuwa mwanafunzi bora, ndani alikuwa kama hajawahi kufundishwa. Na hakukojoa ovyo. Alikuwa na sehemu zake: pembeni mwa chumba cha watoto, kwenye ujia wa kwenda chumba cha pasi, karibu na mlango wa bafu. Nikaosha mara saba, akarudi pale pale. Nikaosha tena kwa nguvu zaidi, na udongo mwingi zaidi, akarudi kwa furaha zaidi. Wakati mwingine alitoka chini ya mwarobaini bila kufanya kitu, akaingia ndani, akaenda moja kwa moja mahali nilipotoka kuosha.

Bwana alijaribu njia yake. Alimshika shingoni akamsugua pua kwenye mkojo, akampiga kwa gazeti lililokunjwa. Matokeo yake ni kwamba Biskuti akaanza kukojoa nyuma ya kabati, tusikoona. Nilimkumbuka yule binti wa zamani. Nikamwambia Bibi, na Bibi akamwambia Bwana, na sijui alimwambiaje, lakini gazeti likarudi kusomwa.

Miezi ikasogea. Krismasi ikawa inaonekana. Nitasema kweli, nilimchukia mbwa yule kwa siku kadhaa. Nilianza kuamini ananifanyia kusudi, kwamba ameijua dini yangu na anatafuta mahali nitakapoweka mguu nikienda kusali. Maana jambo moja lilinikera kupita yote. Siku moja alikojoa sebuleni, mimi sipo. Bibi akapangusa mwenyewe kwa siki na kitambaa, basi, na sebuleni hakurudia. Siku nyingine alikojoa jikoni, Yohana akamwaga maji ya moto na sabuni huku akimsema kwa Kinyamwezi, na jikoni hakurudia. Alirudia kwangu tu, mahali nilipoosha mimi, kwa bidii kuliko wote.

"Anakupenda," Yohana akasema. "Anakuletea zawadi."

"Mnyamwezi, leo sina utani."

Akanitazama vizuri. "Basi leo sina," akasema, akarudi kwenye sufuria zake. Siku ile nilikuwa nimeshaanza kumwambia Mwajuma huenda tukarudi Kigamboni kwa mama yangu, na shule tutaona.

Siku moja nilikuwa nimetawadha kwa sala ya adhuhuri. Miguu yangu ilikuwa bado na maji. Nilitoka bafuni nikapita sebuleni kumtazama mbwa, nikaona kalala, nikashika ujia kwenda chumba cha pasi. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa saruji nyekundu, inapigwa rangi na kusuguliwa mpaka inateleza. Sebuleni nyayo zangu ziliteleza. Kwenye ujia, ghafla, zikakwaruza. Nikasimama. Nikapapasa kwa kidole gumba cha mguu. Chenga. Mchanga, mwembamba, uliokaa kwenye nyufa za saruji, na nilikuwa nimepaosha pale asubuhi ile ile. Nikaenda pembeni mwa chumba cha watoto: mchanga. Mlango wa bafu: mchanga.

Biskuti alikuwa ameamka na kunifuata. Nilimwangalia miguu yake kwa mara ya kwanza, badala ya kumwangalia nyuma. Alitembea kwenye saruji inayoteleza, kucha zinalia, hana habari. Akafika pale penye mchanga. Akasimama. Akanusa. Akazunguka, vile vile alivyozunguka chini ya mwarobaini, akachuchumaa, akaniinulia uso kungoja ini lake.

Nilikaa chini pale pale nikacheka mpaka wudhu wangu ukawa na mashaka. Mtoto wa watu hakuwa mkaidi. Alikuwa mtiifu kuliko watoto wote niliowahi kulea. Nilimfundisha kwamba penye udongo ndipo pa haja, kisha nikazunguka nyumba nzima ya serikali nikimtandikia udongo kwa mikono yangu, mahali baada ya mahali, kwa ibada. Yeye alikuwa akishangaa tu ukarimu wangu. Na hakuna aliyeweza kuligundua, kwa sababu Bwana na Bibi walikuwa wanatembea na viatu, na Yohana alikuwa haingii vyumbani. Katika nyumba ile tuliotembea miguu mitupu tulikuwa wawili, mimi na mbwa.

Nilimwita Bibi. Nilimwomba avue viatu. Hakuuliza kwa nini, na hilo nililipenda. Alivua, akapita sebuleni na soksi zake, akaja kwenye ujia, akasimama pale niliposimama. Akapapasa kwa mguu.

"Ni mchanga," akasema.

"Ni wangu, Bibi. Ni wa dini." Nikamweleza yote, mara saba na udongo. Niliogopa atasema niache kuosha hivyo. Akauliza tu, "Mwalimu wako anaweza kukusaidia?"

Nikaenda kwa mwalimu jioni ile. Alinisikiliza, akaficha mdomo kwa kiganja, mabega yakawa yanatikisika. "Binti Mfaume," akasema alipoweza, "nani alikuambia udongo uwe wa mwisho?"

"Hakuna, Mwalimu. Mie nilidhani ndio unaofunga kazi. Halafu napangusa na kitambaa."

"Anza nao. Kijiko kidogo tu, maji yageuke rangi. Kisha maji matupu yaupeleke nje. Hizo nyingine zilizobaki ni za nini, unafikiri?"

Kesho yake nyumba iligeuka mto. Yohana alinichotea maji bila kuombwa, ndoo baada ya ndoo, na hakutania mpaka tulipomaliza. Nilisugua kila ufa kwa brashi ya katani. Bibi alipangusa kwa siki nyuma yetu. Nilipapasa sakafu yote kwa nyayo, chumba kwa chumba, na Bibi akapapasa kwa za kwake.

Biskuti alikuja kwenye ujia akasimama. Alinusa. Akazunguka. Akazunguka tena. Akatazama miguu yake. Kisha akaenda mlangoni, akakaa, akanitazama. Nilifungua mlango, akashuka ngazi kwa tumbo, akakimbia mwenyewe mpaka chini ya mwarobaini, bila kapu. Nilimfuata mbio nikipiga mluzi, kanga imenifunguka.

Aliteleza mara chache baada ya pale, sitawadanganya. Mvua za vuli zilimrudisha nyuma, mpaka Yohana alipotundika turubai kwenye mwarobaini ili pawe pakavu. Lakini mkondo ulikuwa umegeuka, na mimi nilikuwa nalala vizuri.

Siku ya Krismasi wageni walijaa, na mkubwa wa Bwana alikuwapo. Chakula kikiwa katikati nilikuwa mlangoni mwa jiko, nikaona mkia unapita katikati ya viatu vya wageni kuelekea mlango wa nje. Hakuna aliyemwona, kwa udogo wake. Akafika, akakaa, akangoja. Wageni wanacheka, glasi zinagongana, na mlango umefungwa. Nikapita ukutani nimeinama, nikamfungulia, tukatoka. Dirisha lilikuwa wazi. Mluzi wangu ulisikika mezani kote, na mkubwa wa Bwana akauliza ni sauti gani ile. Yohana, aliyekuwa anagawa viazi, alinisimulia jibu la Bibi.

"Ni yaya wetu," alisema. "Yuko kazini."

Kesho yake Bwana alinikuta uani nikianika gunia la sanduku. Alisimama, akatafuta maneno, akapata mawili. "Yaya, kaa."

Nikakaa, miaka mizuri. Mwajuma akamaliza shule. Meri alikuja likizo, mrefu kunishinda, akamkuta mbwa ana adabu kuliko yeye alivyokuwa. Kisha muda wa Bwana katika nchi hii ukaisha, na wakaanza kufunga mizigo ya kurudi kwao kwa meli. Biskuti atakwenda nao. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba sitatafuta nyumba nyingine.

Bibi alihangaika na jambo moja tu. "Meli nzima ni mbao na chuma, Yaya," akaniambia. "Hakuna udongo. Atafanyaje?"

Nilichukua lile kopo la maziwa ya unga alilonipa Bi Zaituni siku ya kwanza, nililotembea nalo nyumba zote. Nikamwaga pini. Nikaenda chini ya mwarobaini nikachota udongo, nikalijaza mpaka juu, nikafunga kifuniko kwa kitambaa. "Umwagie kidogo tu juu ya gunia," nikamwambia. "Miguu yake itajua."

Siku ya safari tulikwenda bandarini wote. Palikuwa na kelele, mizigo, wapagazi, na mbwa alikuwa hajafanya haja tangu alfajiri kwa hofu. Alitetemeka. Nilitandika gunia sakafuni, nikanyunyiza udongo kwa kiganja, nikarudi nyuma.

Bibi alikuwa amevaa kofia na glavu. "Fanya, Yaya," akasema.

"Hapana, Bibi. Mie sipandi meli."

Alinielewa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Wapagazi walikuwa wameweka mizigo chini. Bwana alianza kuvikagua viatu vyake. Bibi akampa Yohana mkoba, akavua glavu, akachuchumaa na gauni lake la safari mbele ya bandari nzima.

"Sssss," akafanya. Mwanzo hafifu. Kisha kwa meno, vizuri, kama sisi.

Biskuti alikwaruza udongo, akazunguka, akachuchumaa. Mpagazi mmoja akasema mashallah kwa sauti ya chini, kama mtu aliye harusini. Bibi alisimama, machozi yanamtoka na hakuyapangusa.

"Nimeweza, Yaya."

"Umeweza, Bibi," nikamwambia. Nilimpenda mama yule. Nilimpenda na mbwa wake, na sijali nani atasoma.

Nilirudi Temeke kwa miguu. Nilipofika nyumbani nikaona kisigino changu cha kulia kimerukiwa na tone la Biskuti, limekauka. Nikachota maji, nikachimba udongo kidogo nyuma ya nyumba, nikaandaa kila kitu kwa utaratibu, udongo kwanza. Kisha nikakaa kizingitini na kata mkononi, na sikuanza kuosha mara moja.